Sisi wasioona tumo kwenye themanini au kwenye ishirini? Barua ya wazi kutoka Ngamiani, Tanga

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwa wakubwa wa Wizara ya Nishati. Nakala kwa kila mfanyabiashara anayeshusha kontena la vyombo vya umeme bandarini.

YAH: VYOMBO VYA UMEME ASIVYOWEZA KUVITUMIA ASIYEONA

Waheshimiwa, assalaam alaykum, na asiyeitikia salamu hiyo basi habari za kazi. Kumbukumbu namba sina, mhuri sina. Mie ni muuza mbaazi na mahamri hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne. Macho yangu yaliondoka kidogo kidogo kwa presha ya macho, mpaka kufika 2013 nikawa sioni hata taa. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaanza kunionea huruma katikati ya barua. Sikuandika kuomba fimbo nyeupe. Fimbo ninayo.

Naandika kwa sababu ya jiko.

Siku zote mbaazi zangu nazipika kwa mkaa. Naziroweka baada ya magharibi, saa tisa usiku nawasha seredani, na kuanzia hapo kazi yangu ni kusikiliza. Maji yakichemka yana sauti yake, yakipungua yana nyingine, ile ya kukwaruza chini. Mbaazi ikikaribia kuiva harufu inageuka, inakuwa nzito. Nachota moja kwa mwiko, naiminya kwa kidole gumba na cha shahada. Ikilainika bila kupasuka, natia tui. Hanisaidii mtu, na tangu niache kuona sijaunguza sufuria hata moja. Nilipokuwa naona niliunguza nyingi tu.

Lakini mkaa umepanda bei, moshi unanikaba kifua, na nyinyi wenyewe mmetuhimiza tuuache. Basi mwanangu wa kiume, anayefanya kazi Dar es Salaam, alipokuja Idi ya mwaka jana akaniletea presha kuka ya umeme. Akaniambia, "Mama, humu mbaazi ni dakika arobaini. Sasa utakuwa unalala mpaka saa kumi na moja." Nilimwombea dua pale pale.

Nikaipapasa. Kifuniko kinazunguka na kukamata, vizuri. Kile kidude cha kutolea mvuke kina umbo lake, mkono unakijua. Nikashuka mbele, pale pa kuwashia, mkono ukateleza. Ni kioo kitupu, laini kutoka pembe hii hadi pembe ile, hakuna kitufe kilichoinuka wala mfuo. Nikawa natafuta pa kubonyeza, likalia "piip". Nikasogeza kidole, "piip" tena. Ndipo nikaelewa kwamba kwenye chombo hiki kutafuta ndiko kubonyeza. Mwenye macho anatafuta kwa macho, kisha anabonyeza kwa kidole. Mie kidole ndicho jicho langu, na jiko lile halijui tofauti ya mtu anayetazama na mtu anayeamuru.

Mwanangu hakukata tamaa. Akanunua gundi ile inayokauka haraka, akaweka tone pembeni mwa kila kitufe (pembeni, si juu yake, maana juu ningekuwa nabonyeza tena). Likakauka likawa nundu. Vitufe sita, nundu sita. Shida ya kwanza, ambayo kiwanda kizima na wahandisi wake hawakuiona, ikaisha kwa kichupa cha gundi cha dukani kwa Mangi.

Ya pili gundi haikuiweza. Kitufe cha kuchagua chakula ni kimoja. Bonyeza mara moja wali, mara mbili nyama, mara tatu maharage, mara nne supu, mara tano uji, halafu unarudi mwanzo. Kuhesabu najua, biashara yangu yote ni hesabu. Kumbe jiko lile linakumbuka ulichopika jana na linaendelea kuanzia hapo. Ukipika wali leo, kesho ukibonyeza mara tatu hupati maharage, unapata supu. Na mlio ni ule ule mmoja: wa wali, wa nyama, wa uji, wa kuzima na wa hitilafu. Taa inayoonyesha umefika wapi inawaka kimya.

Siku ya nne mwanangu alikwisha rudi Dar. Nikabonyeza mara tatu, nikasoma bismillahi, nikalala. Saa kumi na moja na nusu nikafungua kifuniko, nikatia mwiko. Mwiko ukazama. Kilo tatu za mbaazi zimekuwa rojo. Wateja wangu ni watu wa adabu, lakini si kwa kiasi hicho. Asubuhi ile niliuza mahamri makavu. Sasa jiko lipo juu ya kabati, nimelifunika kitambaa cha kufuma, na wageni wanalisifu.

Waheshimiwa wa TBS, hapa naomba tuende polepole. Kile kidude kinacholia "piip" tayari kimo ndani, kimeshalipiwa. Kukiambia kilie nene pale orodha inapoanza na nyembamba kwa vinavyofuata, kilie mara mbili ndefu wakati wa kuzima, ni kazi ya fundi mmoja anayeandika programu ya jiko. Ataifanya mara moja, itaingia kwenye majiko milioni. Nundu kwenye kibao ni kazi ya kalibu ya kiwandani. Kalibu ikishachongwa, nundu ya jiko la kwanza na ya jiko la milioni hazina gharama tofauti. Na kama hawataki kabisa kuachana na kioo chao, basi waweke swichi moja tu ya kuzungusha inayokatika "tak, tak" kila hatua na yenye mwanzo unaojulikana. Redio ya marehemu baba yangu ilikuwa nayo.

Wala hatuwaombi mkae kubuni. ISO, shirika la viwango la kimataifa ambalo TBS ni mwanachama wake, lilitoa kiwango namba 24500 mwaka 2010 kuhusu milio ya bidhaa za matumizi ya kawaida, na namba 24503 mwaka 2011 kuhusu nundu na mistari ya kugusa kwenye bidhaa hizo. Nundu inakaa kwenye kitufe cha kuwashia, mstari mfupi kwenye cha kuzimia. Basi. Wajapani ndio waliotangulia kuandika mambo haya kwenye viwango vyao vya nyumbani, na huko kampuni ya Kao ilianza mwaka 1991 kuweka mikato ubavuni mwa chupa za shampuu, ili mtu asiichanganye na chupa ya dawa ya kulainishia nywele inayofanana nayo. Wenye macho nao hufumba macho wakijipaka povu, kwa hiyo mikato ile haikuwa ya vipofu peke yao. Kiwanda kinachomtengenezea Mjapani jiko lenye nundu kinashindwaje kumtengenezea Mtanzania? Kinaweza. Hakijaambiwa.

Na wa kukiambia ni nyinyi. Bidhaa mnazikagua mpaka huko huko zinakotoka, kabla hazijapakiwa melini. Mnapima kama waya utaungua, kama chombo kitampiga mtu shoti. Ni jambo jema, sitaki kufa kwa shoti. Lakini mkaguzi anayeweza kupima waya anaweza pia kufumba macho dakika tano na kujaribu kuwasha chombo. Akishindwa, aandike.

Nije kwa Wizara ya Nishati. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034. Nilisikiliza redioni, nikapiga makofi peke yangu jikoni. Lengo lilitajwa: ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Swali langu sina pengine pa kulipeleka: sisi wasioona mmetuhesabu kwenye ile themanini, au tumo kwenye ishirini inayobaki na mkaa? Maana jiko la gesi lenye swichi ya kuzungusha nalielewa. Naliogopa kidogo, ila nalielewa. Mkono unajua limewaka kiasi gani na pua inajua likivuja. Haya ya umeme ndiyo mnayoyasifu zaidi kwa kubana matumizi, na ndiyo yaliyojaa vioo. Lile la bamba, linalopasha sufuria bila moto kuonekana, ndilo baya kuliko yote. Moto wake hauonekani wala hausikiki, na kubonyeza ni kioo hicho hicho. Serikali ikiweka ruzuku au ikinunua majiko ya kugawa, hapo ina nguvu kuliko mnunuzi yeyote nchini. Iandike kwenye zabuni yake: jiko liwe na vitufe vinavyoshikika na milio inayotofautiana. Mzabuni atapata tu. Wazabuni hawajawahi kushindwa kupata kitu kilichoandikwa kwenye zabuni.

Nitasema na simu, ingawa kwa simu hali si mbaya kama jikoni.

Kitochi changu cha kwanza nilikipenda. Pale kwenye tano pana kinundu, mnakijua? Wengi wenye macho hawajawahi kukigusa wakajua ni nini. Ndicho kituo: juu yake mbili, chini nane, kushoto nne, kulia sita. Mita ya luku nayo ina vitufe vya kubonyea, tarakimu zote ishirini za tokeni naziingiza mwenyewe gizani; kinachonishinda ni kile kioo chake tu, hakiniambii zimebaki uniti ngapi. Kwa kitochi nilikuwa nimekariri njia ya kutuma pesa: namba hii, kisha moja, kisha nne, kama mtu anayekariri njia ya kwenda kisimani. Siku moja wenye mtandao wakapanga upya menyu yao bila kutuambia. Nilidhani namtumia pesa muuza nazi wa Pongwe, kumbe nimenunua kifurushi cha shilingi elfu kumi. Wiki nzima nilikuwa na dakika za kuongea na Tanga yote, muuza nazi ananidai.

Baada ya hapo nikalazimika kumpa namba ya siri mtoto wa jirani awe ananisomea. Ni mtoto mwema. Hata hivyo namba ya siri inayojulikana na watu wawili mnaijua wenyewe inaitwaje.

Ndipo nikahamia simu janja. Wako wasiojua kwamba simu hizi husema. Apple waliweka msomaji wa kioo kwenye iPhone mwaka 2009, na mwaka huo huo Android wakaja na wao, wanauita TalkBack. Unagusa, simu inakutajia kilicho chini ya kidole. Ukikitaka, unagonga mara mbili. Hapo ndipo kioo kilipofundishwa tofauti ya kutazama na kuamuru, ile ile ambayo jiko langu halikufundishwa. Kwenye simu nyingi za Android unashikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kama sekunde tatu, sauti inajitokeza. Haiongezwi bei. Imo ndani tangu dukani, na aliyekuuzia hajui.

Kutokujua huku kumenigharimu. Nilimpelekea fundi mmoja simu anibadilishie betri. Kijana mzuri, mwenye heshima zake. Nikaichukua, nikafika nyumbani, simu bubu. Nikadhani imekufa. Nikarudi kwake. Akaniambia, "Mama, betri nimeweka, na ile virusi iliyokuwa inaisemesha nimeitoa, hiyo sikukuchaji." Nilicheka mpaka nikaketi kwenye ndoo yake. Kisha nikamfundisha. Sasa akiletewa simu inayosema anauliza kwanza ni ya nani.

Waheshimiwa wa TCRA, simu haiuzwi nchini bila idhini yenu. Na nguvu hiyo tumeiona: Juni 2016 mlizima simu feki nchi nzima kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mtu asiniambie hamuwezi. Ninayoyataka ni machache kuliko yale. Simu janja yoyote inayoingia, hata ya bei ya chini kabisa, iwe na msomaji wa kioo unaofanya kazi bila kukwama, na sauti ya Kiswahili iwe imewekwa tangu dukani. Sauti za Kiswahili zipo: Google wanayo, na eSpeak NG, ambayo ni ya bure, inayo pia. Kinachokera ni kununua simu ukakuta Kiswahili kinasomwa na sauti ya Kizungu. Hebu isikieni "salio lako halitoshi" ikisomwa na mtu ambaye hajawahi kufika hata Zanzibar. Unaweza kudhani umetukanwa.

Na programu za fedha. Msomaji wa kioo husoma jina la kitufe kama mtengenezaji ameliandika. Asipoliandika, unasikia: kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Kimojawapo ni "tuma", kingine ni "futa", bahati yako. Kuandika jina ni mstari mmoja kwenye programu. Iko programu moja, siitaji, ambayo ilikuwa inasomeka vizuri. Wakaipamba upya, ikawa nzuri sana wanasema, na tangu hapo siwezi kuifungua. Wenye leseni hizo mnawajua kwa majina na anwani.

Sheria zipo, sitawasomea zote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Mwaka huo huo wa 2010 Wamarekani walitunga sheria yao ya kulazimisha simu na televisheni zitumike na wasioona, na ndiyo maana leo kule televisheni inasoma menyu yake kwa sauti. Ulaya wana sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025: simu, kompyuta, mashine za kutolea fedha, huduma za benki. Nilipoelezwa orodha yake nilisubiri lisikike jiko. Halimo. Hata wao jikoni hawakuingia. Kwa hiyo hapa Tanzania ina nafasi ya kutangulia, tena kwa jambo ambalo inalipigia kampeni yenyewe kila siku.

Najua mtakachojibu, kwa sababu nimeshajibiwa na muuza duka. Kwamba nyinyi vipofu ni wachache, mwenye kiwanda hatajali. Shoga yangu wa mtaa wa pili ana macho mawili mazima na presha kuka kama yangu. Maandishi kwenye kioo ni ya Kiingereza, naye Kiingereza hajui, kwa hiyo anahesabu milio kama mie, na wali wake umeshawahi kupikwa kama supu. Mzee wa nyumba ya mbele ana miaka sabini na tano, kioo kinamng'arishia, anamwita mjukuu. Sote watatu hatuli kwenye jiko hilo mpaka apatikane wa kutusomea. Mkishatujumlisha pamoja na kila mwenye miwani iliyovunjika, nambieni wachache ni nani.

Na kila Oktoba 15, Siku ya Fimbo Nyeupe, huwa anakuja mgeni rasmi. Tunapangwa kwenye viti, tunapewa fimbo, tunapigwa picha ambazo hatutaziona. Simlaumu mtu, fimbo zinasaidia. Mwaka huu ningependa mgeni rasmi aje na tangazo moja tu la kiwango, lenye namba na tarehe ya kuanza kutumika. Viwango viwili vile vya ISO vikipewa namba ya Tanzania, kikiongezwa kipengele kimoja kwenye ukaguzi wa majiko na kimoja kwenye idhini ya simu, mie fimbo yangu ya zamani bado nzima. Na kabla ya kuandika, waiteni Chama cha Wasioona, waiteni walimu na wanafunzi wa shule ya wasioona ya Irente kule Lushoto, muwakalishe mbele ya vyombo vyenyewe, si mbele ya karatasi. Watawaonyesha kwa nusu saa kile ambacho kamati itakitafuta miaka miwili.

Barua hii nimeisemea simu, ikaandika. Binti wa jirani, yule yule wa namba ya siri, ameweka nukta na herufi kubwa. Pakiwa na kosa ni letu wote wawili.

Sasa nawaalika. Atakayetumwa kati yenu aje Tanga, afike Ngamiani, aulize mama wa mbaazi Barabara ya Kumi na Nne, hata mtoto atamleta. Jiko nitalishusha kabatini. Nitamfunga kitambaa machoni, nitampa nusu kilo ya mbaazi zilizoroweka, na nitatoka nje nimwachie jikoni. Seredani yangu nayo itakuwa imewaka pembeni, ili asilale njaa. Ila afike kabla ya saa moja asubuhi, maana ikifika saa mbili mbaazi zangu zinakuwa zimekwisha.

Wenu,
Mama wa mbaazi,
Ngamiani, Tanga